Simu Mkononi, Kadi ya Kliniki Pembeni: Mwongozo wa Kutumia Zana za Kidijitali Kutunza Afya Wakati wa Ujauzito

Mjamzito anayetafuta neno "ujauzito" katika duka la programu la simu yake huletewa orodha ndefu kiasi cha kumchosha kabla hajafungua hata programu moja. Nyingine humwonyesha ukubwa wa mtoto kwa kumlinganisha na tunda, nyingine humhesabia hatua anazotembea, nyingine humtaka aandike kila tonge analokula. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua zana chache zenye faida, kuzipanga zikufae, na kuzitumia kwa mambo yanayojenga afya ya mama na mtoto: chakula, mwendo, uzito, vidonge, usingizi na utulivu wa moyo. Kipimo ninachokitumia tangu mwanzo hadi mwisho ni kimoja, nacho ni kwamba kumbukumbu unayoiandika ina thamani ikiwa itafika mbele ya mkunga au daktari na kumsaidia kukushauri vizuri zaidi. Ile inayobaki ndani ya simu ikikutia wasiwasi tu, iache.

Hatua ya 1: Amua unachohitaji kabla ya kupakua chochote

Chukua karatasi kwanza. Andika mambo mawili au matatu yanayokusumbua kweli: pengine unasahau vidonge, pengine kazi yako ni ya kukaa kutwa nzima, pengine uzito ulipanda mno katika ujauzito uliopita, au presha iliwahi kukusumbua. Mtu ambaye tatizo lake ni kusahau vidonge anahitaji kengele ya simu na hana haja ya programu yoyote. Anayetaka kujua kama anatembea vya kutosha anatoshwa na kihesabu hatua kilichomo tayari ndani ya simu nyingi. Ukishaandika haja zako ndipo utaona kwamba sehemu kubwa ya yale yanayotangazwa hayakuhusu.

Zana zenyewe ni za namna nne: ujumbe mfupi unaotumwa kwa ratiba, programu za simu, vifaa vya kuvaa au kupimia nyumbani, na mazungumzo na mhudumu wa afya kwa simu au video. Ujumbe mfupi hudharauliwa kwa sababu hauna picha wala rangi, lakini ndio unaomfikia hata mwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti. Mpango wa MomConnect wa Afrika Kusini, ulioanzishwa na Idara ya Taifa ya Afya mwaka 2014, umejengwa juu ya wazo hilohilo: mjamzito huandikishwa bila malipo, hupokea ujumbe unaoendana na umri wa mimba yake, naye anaweza kuuliza swali au kutoa malalamiko kuhusu huduma aliyoipata. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu huduma za kidijitali, lilipendekeza ujumbe wa aina hiyo kwa afya ya uzazi, kwa sharti kwamba siri za mpokeaji zilindwe. Uliza kliniki unakohudhuria kama ipo huduma kama hiyo kabla ya kwenda dukani kutafuta.

Hatua ya 2: Ihoji programu kabla ya kuiamini

Tafuta kwanza ukurasa unaoeleza ni nani aliyeandika yaliyomo. Programu nzuri hutaja wakunga au madaktari waliopitia maandishi, husema ilisasishwa lini, na haioni haya kueleza inavyojipatia fedha. Isiposema lolote juu ya hayo, na kila ukurasa wa pili ukikusukuma kununua kitu, umeshapata jibu lako.

Kisha ifanyie mtihani mdogo. Nenda sehemu ya kutafuta, andika "kutokwa na damu", uone kinachokuja. Programu inayofaa itakuambia katika mstari wa kwanza uwasiliane na kituo cha afya mara moja, na maelezo mengine yatafuata baadaye. Ile inayokupeleka kwenye makala saba za kusoma, au kwenye jukwaa ambako wajawazito wenzako wanakisia sababu, haifai kukaa karibu na mimba yako hata kama imepambwa vipi. Mtihani huohuo uifanyie programu ya akili bandia inayojibu maswali: inaweza kukusaidia kuelewa neno gumu lililoandikwa katika kadi ya kliniki, lakini haikuoni, haikupimi, na wakati mwingine hutoa jibu lisilo sahihi kwa lugha ya mtu mwenye uhakika.

Suala la faragha lisipitwe haraka. Habari kwamba mtu ni mjamzito ni bidhaa yenye thamani kubwa kwa watangazaji. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilikamilisha makubaliano na kampuni ya programu ya hedhi na ujauzito iliyodaiwa kupeleka habari za watumiaji wake kwa makampuni mengine, ilhali iliwaahidi kuzitunza kwa siri. Kwa hiyo, programu ikiomba ruhusa ya kuona orodha ya watu unaowasiliana nao, mahali ulipo, au kipaza sauti, ikatalie, kisha uangalie kama inaendelea kufanya kazi. Kwa kawaida huendelea. Jiandikishe kwa barua pepe isiyobeba jina lako kamili ikiwezekana, weka nenosiri kwenye simu, na uzime arifa zisionekane kwenye kioo kilichofungwa, hasa kama simu hiyo hupita mikononi mwa watu wengine nyumbani au kazini. Wapo wanawake ambao habari ya ujauzito ikijulikana kabla ya wakati inawaletea madhara, na kwao mpangilio huu mdogo ndio ulio muhimu kuliko yote.

Hatua ya 3: Ingiza tarehe sahihi, na uirekebishe inapobidi

Karibu kila kitu ambacho programu itakuambia kinategemea tarehe moja. Programu huhesabu siku 280 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ikichukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Kama hedhi hiyo ilianza tarehe 10 Machi, itakuambia utajifungua tarehe 15 Desemba. Lakini kama mzunguko wako ni wa siku 35, yai lilipevuka takriban wiki moja baadaye, na tarehe iliyo karibu zaidi na ukweli ni 22 Desemba. Programu nyingi zina sehemu ya kuandika urefu wa mzunguko, nayo imefichwa ndani ya mipangilio; itafute.

Ukifanyiwa kipimo cha ultrasaundi, ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kifanyike kabla ya wiki ya 24, na tarehe ikabadilika, badilisha na ile iliyomo kwenye simu siku hiyohiyo. Nimeona mara nyingi mjamzito akiwa na tarehe mbili, moja kwenye kadi na nyingine kwenye simu, akawa anafuata ile ya simu kwa sababu ndiyo anayoiona kila asubuhi. Tarehe ya kadi ndiyo inayoongoza. Hata hiyo nayo ni makadirio, kwani watoto wachache tu huzaliwa siku yenyewe.

Tarehe ikishakaa sawa, ingiza miadi ya kliniki katika kalenda ya simu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8: mara ya kwanza kabla wiki ya 12 haijapita, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Weka vikumbusho viwili kwa kila miadi, kimoja wiki moja kabla ili uombe ruhusa kazini na kupanga usafiri, kingine jioni ya kuamkia siku hiyo.

Hatua ya 4: Uzito, upimwe mara moja kwa wiki

Uzito ndio unaochukua nafasi kubwa katika programu za ujauzito, na ndio unaoleta machozi mengi yasiyo ya lazima. Anza kwa kutafuta uwiano wa uzito na urefu uliokuwa nao kabla ya mimba: gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye kilo 60 na urefu wa mita 1.60 anagawanya 60 kwa 2.56 na kupata 23.4. Kwa mimba ya mtoto mmoja, viwango vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009, ambavyo programu nyingi huvitumia, vinasema kwamba aliyekuwa chini ya 18.5 anatarajiwa kuongezeka kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima. Aliye kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Aliye kati ya 25 na 29.9, kilo 7 hadi 11.5, na aliyefika 30 au zaidi, kilo 5 hadi 9. Mwenye mapacha ana viwango vyake, kwa hiyo hakikisha programu inakuuliza kuhusu idadi ya watoto; isipouliza, usifuate mstari wake wa uzito.

Mimba haiongezi uzito kwa mwendo ulionyooka. Katika miezi 3 ya mwanzo ongezeko huwa dogo, baina ya nusu kilo na kilo 2, na anayesumbuliwa na kichefuchefu anaweza hata kupungua kidogo. Baada ya hapo, aliyeanza na uwiano wa kawaida huongezeka takriban gramu 400 kwa wiki. Ndiyo sababu nashauri kupima mara moja tu kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi zilezile, kwenye mizani ileile iliyowekwa juu ya sakafu ngumu. Maji mwilini hupanda na kushuka kila siku, na anayejipima kila asubuhi anajikuta akifuatilia maji, huku programu ikimwashia taa nyekundu bila sababu.

Ukiona uzito umepanda ghafla, kwa mfano zaidi ya kilo moja ndani ya wiki moja, na uso au mikono imevimba, usianze kupunguza chakula. Mpigie mkunga, kwa maana hiyo inaweza kuwa dalili ya presha ya mimba. Vilevile usitumie kamwe programu ya kupunguza uzito iliyotengenezwa kwa watu wasio na mimba. Hiyo itakuwekea lengo la kula pungufu, itakupongeza unaposhinda na njaa, na haijui kwamba ndani yako kuna mtu wa pili.

Hatua ya 5: Chakula kiandikwe kwa picha, vidonge kwa kengele

Kuhesabu kalori huchosha, na mtu akichoka huacha. Mahitaji ya ziada yenyewe ni madogo kuliko usemi wa "kula kwa ajili ya watu wawili" unavyodai: katika miezi 3 ya mwanzo ni karibu na sifuri, katika miezi 3 ya kati ni takriban kalori 340 kwa siku, na katika miezi 3 ya mwisho ni takriban 450. Njia ninayoipendelea ni kupiga picha ya kila sahani kwa siku 3 mfululizo, mojawapo ikiwa ya mapumziko, kila baada ya wiki 4. Ukizipanga picha hizo kwenye kioo cha simu utaona mwenyewe mahali palipo na pengo, kwa mfano mboga za majani zinazotokea mara moja tu kati ya sahani tisa, au siku nzima iliyopita bila kunde, mayai, samaki wala nyama. Picha hizohizo mwonyeshe mkunga au mtaalamu wa lishe, dakika mbili za kuzitazama zinampa habari ambayo swali la "unakula vizuri?" halijawahi kuileta.

Kwa vidonge, kengele ya kawaida ya simu inatosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate kila siku miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na kliniki ndiyo inayokuambia ni kipimo gani kinachokufaa wewe. Iweke kengele katika saa ambayo uko nyumbani na tumbo linavumilia. Wengi wanaotapika asubuhi huvipokea vizuri zaidi kabla ya kulala. Chai na kahawa hupunguza kiasi cha chuma kinachoingia mwilini, kwa hiyo acha muda kati yake na kidonge. Katika jina la kengele andika maneno yanayokusaidia, kama "Chuma, na maji, bila chai". Na kama kinyesi kimekuwa cheusi baada ya kuanza vidonge, hilo ni jambo la kawaida ambalo halistahili kukufanya uache dawa kimyakimya.

Kafeini nayo ina kipimo. Shirika la Afya Duniani humshauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze, na mashirika mengine huweka mpaka kwenye 200. Kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kubeba miligramu 100 au zaidi, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinayo pia. Pombe haina kiwango kinachojulikana kuwa salama katika ujauzito. Anayejaribu kuacha sigara au pombe atapata msaada mkubwa kutoka kwa ujumbe unaofika katika saa ambazo hamu humjia, mradi huduma hiyo ina mtu upande wa pili anayeweza kumjibu, kwani hamu ya sigara haiishi kwa kusomewa hotuba.

Hatua ya 6: Mwendo, kwa dakika badala ya hatua

Lengo la hatua 10,000 kwa siku ambalo vifaa vingi hulianzia halikutoka kwa madaktari. Lilienea baada ya kihesabu hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba idadi hiyo. Lifute. Badala yake weka dakika: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mjamzito asiyekatazwa na daktari afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukizigawa, hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa siku 5, na hata vipande vya dakika 10 vinahesabika. Kama hukuwa na mazoea, anza na dakika 10 kwa siku, kisha ongeza dakika 5 kila wiki.

Saa ya mkononi inayopima mapigo ya moyo itakudanganya kidogo wakati huu. Moyo wa mjamzito hupiga haraka kuliko kawaida hata akiwa amekaa, mara nyingi kwa mapigo 10 hadi 20 zaidi kwa dakika, na rangi ambazo saa inazionyesha hazikupangwa kwa hali hiyo. Tumia mdomo wako: ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko mahali panapofaa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Video za mazoezi ziwe zile zilizoandaliwa kwa wajawazito, na baada ya miezi 3 ya mwanzo ruka zoezi lolote linalokulaza chali kwa muda mrefu, pamoja na michezo yenye hatari ya kuanguka au kugongwa tumboni. Ukiona damu au maji yanatoka ukeni, ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au tumbo linalokaza kwa kurudiarudia, simama hapohapo, zima video, piga simu.

Hatua ya 7: Kupima presha nyumbani, ikiwa umeshauriwa

Si kila mjamzito anahitaji kifaa hiki, lakini kwa aliyewahi kupata presha ya mimba, au ambaye kliniki imeomba takwimu za nyumbani, ndicho kinacholipa kuliko vyote. Kiwe cha kufunga kwenye mkono wa juu, na kiwe kimethibitishwa kwa matumizi ya wajawazito, kwa sababu baadhi ya vifaa vinavyofanya kazi vizuri kwa watu wengine husoma chini ya ukweli kwa mwenye kifafa cha mimba kinachokaribia. Programu zinazodai kupima presha kwa kidole juu ya kamera ya simu usizitegemee.

Upimaji wenyewe uende hivi. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kwenye kiti chenye egemeo la mgongo, miguu ikanyage sakafu bila kukunjwa mmoja juu ya mwingine, ukae kimya kwa dakika 5. Vua au pandisha mkono wa nguo ili kitambaa cha kifaa kiguse ngozi. Kama mkono wa nguo unabana juu, vua nguo hiyo. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama juu, kitambaa kikiwa usawa wa moyo. Bonyeza, usiongee, wala usisome ujumbe wakati kinajaa upepo. Subiri dakika moja, pima tena, kisha andika namba zote mbili pamoja na saa. Kitambaa kidogo kuliko mkono wako husoma juu, na kikubwa mno husoma chini, kwa hiyo ukubwa wake uuangalie siku ya kununua au kuazima.

Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, na ikabaki hivyo ulipopima tena baada ya kupumzika, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Ukipata 160 kwa 110 au zaidi, hata kama ni namba moja tu kati ya hizo mbili na hata kama unajisikia mzima, hiyo ni dharura; nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Hatua ya 8: Usingizi na moyo

Kuhusu usingizi, jambo lenye uzito ni upande unaolalia: kuanzia wiki ya 28 jitahidi kupata usingizi ukiwa umelala ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukizinduka usiku na kujikuta chali, jigeuze tu na ulale. Saa inayokupa alama za usingizi kila asubuhi ina uwezo wa kukuharibia siku iliyoanza vizuri.

Moyo ni habari nyingine. Watu huandika uzito wao kwa bidii na kuficha huzuni yao. Dodoso la Edinburgh la kuchunguza huzuni, lililochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya mama waliojifungua na sasa hutumika hata wakati wa ujauzito, lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, na programu kadhaa zinalo. Lijaze ukiwa peke yako, mara moja kwa mwezi, kisha ulipeleke kliniki hata kama alama hazikukutisha. Swali la 10 linahusu mawazo ya kujidhuru. Anayejibu kwamba mawazo hayo yamemjia, hata kwa nadra, amwambie mtu leo, kwa sauti, uso kwa uso au kwa simu. Majukwaa ya wajawazito yanaweza kuwa faraja kwa wengine, lakini ukiona unatoka huko kila mara ukiwa na hofu mpya uliyoazima kwa mtu usiyemjua, jiondoe.

Hatua ya 9: Weka dalili za hatari mahali pasipohitaji intaneti

Andika dalili hizi kwenye daftari la simu au piga picha ya ukurasa wa kadi, uiweke iwe ya kwanza kuonekana: kutokwa na damu ukeni, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona maluweluwe, kuvimba ghafla uso na mikono, maumivu makali ya tumbo hasa juu chini ya mbavu, degedege, homa, kupumua kwa shida, maji kutoka kabla ya wakati, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na mtoto kupunguza au kubadili namna anavyocheza. Chini yake weka namba ya kituo cha afya, namba ya usafiri wa uhakika, na ya mtu atakayebaki na watoto wengine kama wapo. Mwenzi wako au ndugu unayeishi naye awe na nakala hiyohiyo kwenye simu yake.

Kuhusu mtoto kucheza, programu za kuhesabu mateke zisikufanye ungoje idadi fulani ifike wakati wewe mwenyewe unahisi kwamba leo ametulia isivyo kawaida yake. Na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kinachouzwa kwa matumizi ya nyumbani, ambacho Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya dhidi yake mwaka 2014, kinaweza kukusikilizisha mapigo yako mwenyewe au mvumo wa damu katika kondo la nyuma, ukarudi kulala ukiwa umetulizwa na sauti isiyo ya mtoto.

Hatua ya 10: Ifikishe kumbukumbu mezani kwa mkunga

Jioni ya kuamkia kliniki, fungua ulichoandika na ukifupishe. Mkunga mwenye foleni ndefu hawezi kupekua michoro ya programu yako, lakini mistari minne ataisoma. Iwe hivi: "Wiki ya 26. Uzito 61.2 wiki ya 22, sasa 62.9. Vidonge: nimekosa siku 5 kati ya 28, sababu tumbo kufunga. Natembea dakika 25 mara 4 kwa wiki, nyonga ya kulia inauma nikipanda ngazi. Swali: kipimo cha sukari nitafanyiwa lini?" Kipimo hicho hufanyika kati ya wiki ya 24 na 28, na swali kama hilo likiwa limeandikwa halisahauliki kwenye kiti cha kungojea. Eleza na zile siku ulizokosa. Kufunga choo ni tatizo lenye dawa, lakini anayesema "nameza kila siku" ataendelea kuwa na damu pungufu bila mtu kujua kwa nini.

Kabla ya kutoka, yaandike majibu palepale kwenye simu, na uombe ruhusa kupiga picha ya ukurasa wa kadi uliojazwa. Kadi hulowa, hupotea, husahaulika kwenye mkoba mwingine.

Hatua ya 11: Funga hesabu

Mtoto akizaliwa, ibadilishe programu isome tarehe halisi ya kujifungua, au iondoe. Kufuta alama yake kwenye kioo hakufuti habari zako. Ingia katika mipangilio, pakua nakala ya kumbukumbu unazotaka kubaki nazo, kisha chagua kufuta akaunti yenyewe.

Ikitokea mimba ikaharibika au mtoto akapotea, ujumbe wa "mwanao wiki hii" utaendelea kufika mpaka uzimwe. Programu nyingi zina sehemu ya kueleza kwamba ujauzito umekwisha, na huduma za ujumbe mfupi huwa na neno au namba ya kujiondoa. Kazi hiyo haimlazimu mama aliyefiwa. Mwombe mtu unayemwamini aichukue simu, akuzimie moja baada ya nyingine, pamoja na vikumbusho vya kliniki vilivyobaki kwenye kalenda, akuachie vile tu vya miadi yako mwenyewe ya kupona.